Mshenga Aliyenichomoa Mrija

Nilichumbia kwa sababu ya kiu. Nasema mapema ili msije mkasikia kwa wengine, maana wengine huongeza chumvi, na jambo lenyewe lina chumvi ya kutosha.

Ilikuwa siku ya mtama mpya, ile sikukuu ya kiangazi ambayo wazee wetu Waha na wazee waliovuka kutoka ng'ambo waliiita umuganuro, kila upande ukidai ni ya kwao. Mtama wa kwanza ukishapurwa na kupepetwa, unapikiwa pombe, watu wanakutana palepale kwenye uwanja wa kupuria, ngoma zinapigwa. Pombe ya wote inakaa katikati kwenye vyungu vikubwa. Pembeni, kwenye kivuli cha kihenge, kinawekwa chungu kimoja kidogo chenye mirija miwili. Msichana anaketi ameshika mrija mmoja. Kijana anayemtaka anakuja, anakaa, anauvuta wa pili. Akinywa na msichana asiinuke, wao wawili wamemaliza. Inaanza kazi ya mshenga.

Haya yote niliyajua tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini mimi ni mtu wa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi kukaa kwa wazazi nje kidogo ya Mwandiga, nikingoja kuitwa kazini na watu wasionijua. Safari yangu ndefu ilikuwa kushuka Kigoma mjini kununua sabuni, na hiyo nayo nilikuwa naisimulia wiki nzima. Siku ile nilichelewa kutoka, jua likanipiga njiani, nikafika nikakuta vyungu vikubwa vimezungukwa na migongo ya watu. Kile kidogo kilikuwa na mtu mmoja tu. Nikajiambia, huyu binti ameachwa kulinda. Nikaketi, nikavuta kwa moyo wote. Niliponyanyua macho, ngoma zilikuwa zimenyamaza.

"Umemaliza?" bibi mmoja akaniuliza, amesimama juu yangu mikono kiunoni.

"Bado kidogo, bibi."

"Basi maliza. Nikamwambie baba yako."

Binti mwenyewe, Godeliva, hakuinuka. Baadaye alidai miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nimechagua kutomwamini.

Bibi yule ndiye ninayetaka kumweleza. Jina lake sikuwahi kulisikia likitamkwa. Kilima kizima tulimwita Mshenga, hata watoto, hata padri. Ukimuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Hapa mlangoni," akaendelea kuchambua maharage. Kila mtu alijua kwamba alivuka ziwa zamani, katika vurugu za kwanza za huko ng'ambo, na kila mtu alijua kutokusema.

Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja na milango miwili. Wa mbele ulitazama njia, wa nyuma ulitazama migomba. Nyuma ya ule wa nyuma paliningʼinia kifurushi: sufuria, chumvi, kiberiti, kanga moja safi. Tulimtania kwamba anangoja kuolewa ghafla. Alicheka na sisi, kisha akakigusa kifurushi, kama mtu anayehakikisha ng'ombe yupo zizini.

Alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na mimi mwenyewe si shujaa. Aliogopa ziwa. Kutoka kilimani kwetu ziwa linaonekana vizuri, na siku za hewa safi unaona hadi milima ya Kongo, lakini yeye aliketi akilipa mgongo. Kiangazi, moshi wa mapori yanayochomwa unapolifunika, ndipo alipotulia. Migebuka hakula, wala dagaa, na hapa kwetu kutokula dagaa ni kama kutopumua. Siku moja nilimletea kwa ujinga wangu, wamekaangwa kwa mawese wakaiva vizuri. Alinirudishia sahani.

"Samaki wa ziwa hili wameshiba vibaya," alisema.

Sikumwuliza wameshiba nini. Nami kwa muda mrefu baada ya hapo nilikula ugali na maharage.

Zaidi ya ziwa aliogopa lori. Kutoka uani kwake alisikia lori likipanda barabara kuu kabla mbwa hawajasikia. Aliinua kidole, sote tukanyamaza. "Limejaa," alisema, akarudi kwenye maharage yake. Siku nyingine alisema, "Hilo tupu," na rangi ikamtoka usoni. Mimi nilidhani lori tupu ni afadhali. "Mjukuu wangu," aliniambia, "lililojaa lina kwao linakokwenda. Tupu ndilo linalotafuta."

Lakini mwoga huyohuyo, mpe chungu na mirija miwili, uone mdomo. Hapo hakuogopa tajiri wala mchungaji. Kuchagua hakuanza siku ya sikukuu. Alianza wakati wa kupepeta. Aliketi kwenye kinu kilicholala, akatazama vijana na wasichana na nyungo zao. Mwanamume anayepepeta huku anatazama watu, alisema, atakuja kuwa mume wa watu. Msichana anayerudia makapi mara mbili ni mchoyo, na mchoyo hafai kwa mtu mvivu, watauana. Akimwona kijana anambebea binti kapu bila kuombwa, alikohoa kidogo. Kikohozi kile kilikwisha kuozesha wengi.

Na alikuwa mjanja, tusimpake mafuta. Kila mchumba alipaswa kumlimia kwanza, "nione mgongo wako." Shamba lake halikuwahi kuwa na magugu, na wachumba walikuwa wengi kuliko ndoa. Nami nilimlimia. Alikuja kutazama matuta yangu akashika kidevu.

"Haya matuta ni ya kupanda mihogo au ya kuzikia paka?"

"Bibi, mimi nimesoma."

"Naona. Umesoma vibaya."

Yeye mwenyewe hakuwa na mume. Alipoulizwa alisema mchinjaji hali nyama kila siku. Kuhusu ndoa za wengine hakuwa na mapambo: ndoa ni kama mawese, yakiwa moto yote ni mekundu na yanang'aa, ngoja yapoe ndipo utajua umenunua nini.

Kitu kimoja alikichukulia kama sala. Baada ya mirija kuvutwa, inapangwa siku ya kutaja. Pande zote mbili zinakutana uwanjani, chungu kidogo kinaletwa tena, wachumba wanashika mirija yao, na mshenga anasimama kutaja watu wa msichana: baba, babu, kilima walichokaa, maji waliyokunywa. Bila hivyo ni ndoa ya njiani. "Asiyetajwa ni wa kuokotwa," alisema. Na neno la mshenga likishatoka uwanjani, hakuna wa kulirudisha ila yeye mwenyewe.

Hakuruka mtu. Kulikuwa na mwenye mashine ya kusaga aliyemwomba, kwa heshima zote, asimtaje babu wa binti yake, ambaye zamani alikutwa na mbuzi wa watu. Mshenga alitikisa kichwa kukubali. Siku ilipofika alianza na babu, kisha akawataja mbuzi, kila mmoja na rangi yake.

Sasa mnaanza kuona shida yangu ilikuwa wapi.

Godeliva alivuka akiwa amebebwa mgongoni. Mama yake alilima mashamba ya watu hapa kwetu mpaka homa ikamchukua, tukamzika hapa. Binti akabaki kwa jirani yetu Mama Shabani, kwenye chumba cha uani, akimsaidia kukaanga maandazi. Kiha chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Lakini ukoo wake ungetajwa, kilima ni cha ng'ambo, maji ni ya ng'ambo. Na ule ndio ulikuwa mwaka wa misako. Makambi ya wakimbizi yalikuwa yamejaa kule bara, na amri ilikuwa kwamba waliotoka ng'ambo wasikae vijijini, wapelekwe huko, hata aliyeingia zamani, hata aliyeoa, hata aliyezika. Kijiji cha jirani walimchukua mwanamke akiwa anatwanga. Kinu kilibaki kimesimama na muhogo ndani, hakuna aliyethubutu kukisogeza.

Baba yangu, mzee wa kanisa, alitaka tuahirishe. "Tungoje lori zipite," alisema. Mama Shabani alitaka tuahirishe. Mimi nilitaka tuahirishe, na nilitaka kuahirisha nikiwa chini ya kitanda.

Mshenga alikataa. "Mtama haungoji," alisema. "Na watu wakiacha ngoma yao msimu wa ngoma, mpita njia anauliza wanaficha nini. Tutafanya mchana, kama siku zote."

"Utamtaja vipi?" baba akauliza.

Nilimwona akijifuta viganja kwenye kanga, vikikauka vinaloa tena.

Siku ya kutaja, mirija ilikuwa imeshawekwa, mimi na Godeliva tumeketi, Mama Shabani yuko nyuma yetu na chupa yake ya chai kwa kuwa pombe hagusi, ndipo Mshenga alipoinua kidole. Hakusema limejaa au tupu. Ngoma ziliendelea kwa sababu wapigaji waliogopa kuziacha.

Walikuja kwa miguu kutoka barabarani, askari mmoja na mgambo kadhaa, wageni wote, si wa kata yetu. Walikuwa wapole. "Endeleeni, wazee," mkubwa wao alisema. "Sisi tumekuja kula sikukuu." Mgambo mmoja alikaa kwenye kinu cha Mshenga.

"Leo kuna nini?" mkubwa akauliza.

Wazee wakamtazama Mshenga.

"Bibi, naona wewe ndiye msemaji. Mnafanya nini hapa?"

"Tunataja mtu," alisema Mshenga.

"Vizuri. Mtaje tusikie."

Godeliva alikuwa anatazama ndani ya chungu kana kwamba kuna mlango. Mimi sikuutoa mrija mdomoni, maana ningeutoa meno yangu yangesikika. Nilijua bibi huyu haruki mtu. Nilijua angesema kilima, angesema maji, na lori lilikuwa pale chini.

Alikuja taratibu hadi chunguni. Akauchomoa mrija mdomoni mwangu, akaufuta kwa ncha ya kanga, akatembea nao mpaka alipoketi baba yangu, akamtia mkononi.

"Njoo unywe na mwanao," alimwambia. "Mtoto amengoja vya kutosha."

Kisha akageuka, akasema kwa ile sauti yake ya uwanjani: "Huyu ni Godeliva, binti wa bwana huyu. Alizaliwa nje ya nyumba, leo anaingia ndani. Babu yake ndiye aliyefyeka kilima hiki. Maji yake ni ya kijito hiki hapa chini. Mwenye kujua vingine aseme."

Fikirieni baba yangu. Mtu aliyekuwa akisimama mbele ya kanisa kuwaonya vijana juu ya uzinzi. Tangu abatizwe hakuwa ameonja pombe. Aliutazama mrija kama mtu anayepewa nyoka amshikie mwenzake. Halafu akainuka, akaja, akapiga magoti kwenye vumbi pale nilipokuwa nimekaa mimi, nami nikampisha. Akanywa na Godeliva.

Yule mkubwa akamgeukia mama yangu. "Mama, mtoto huyu unamjua?"

"Nitaacha kumjua vipi?" mama alisema bila kupepesa. "Itazame hiyo pua."

Mgambo walicheka. Mmoja akampiga baba begani, "Kumbe mzee." Nami nilikuwa naanza kupumua, pumzi ya kwanza tu, mkubwa aliposema:

"Na wewe bibi? Wewe nani anakutaja?"

Kutaja ni kazi ya mshenga, na mshenga alikuwa mmoja. Baba alikuwa bado amepiga magoti. Sote tulitazama chini, kijiji kizima, kama watu waliodondosha sindano.

"Mimi ni wa hapa mlangoni," alisema mwenyewe.

"Mlango gani?"

"Nina miwili. Chagua."

Walimwongoza kushuka barabarani, hawakumsukuma. Pale kwenye lori alisema, "Wajukuu, nishikeni mkono, mmeliinua sana hili," wakamshika. Aliyekuwa na mlango wa kukimbilia alichukuliwa uwanjani, kweupe, ambapo hapakuwa na mlango wowote. Mama Shabani alikimbia na ndala zake hadi nyumbani kwa Mshenga, akachomoa kile kifurushi, akakitupa ndani ya lori likiwa limeshaanza kutembea.

Godeliva alihamia kwetu. Alikuwa salama, na alikuwa dada yangu. Mtoto aliyetajwa wa nyumba haolewi nyumba hiyo. Hilo halina mjadala kwetu. Alilala na wadogo zangu wa kike, akaniita "kaka" mbele ya watu kwa sauti tamu iliyonichoma kama pilipili kwenye jicho. Mama alipata la kumwambia baba kila wanapogombana: "Nenda kamlalamikie mama Godeliva." Baba aliacha kuonya vijana.

Hofu haikuondoka. Kila mgeni aliyeuliza njia tulidhani anauliza jambo jingine. Lakini miezi ikapita, misako ikapoa upande wetu, na balaa likageuza sura: wachumba wakaanza kuja. Dada yangu alikuwa mzuri, na mimi ndiye kaka. Fundi baiskeli wa Ilagala alikuja na migebuka mikubwa, akaniita shemeji, akaniuliza nina ushauri gani. Nilimshauri asubiri. Samaki nilikula.

Jioni ile Godeliva alinikuta naosha mikono. "Kaka," alisema, "wewe unaogopa njia. Mimi naogopa kuzeeka Ilagala na huyu mtu. Nenda kamtafute Mshenga aje alirudishe neno lake. Usipokwenda, mimi nitamwambia fundi alete chungu."

Basi nikasafiri. Nilipanda basi la kwenda bara nikiwa na chupa ya mawese na chumvi, nikatapika kabla hatujapita mashamba ya watu ninaowajua. Niliingia kambini siku ya gulio, pamoja na wanavijiji wanaokwenda kuuza ndizi. Sitaki kujifanya nilitembea kama mwanaume. Nilitembea nikijirudia kimoyomoyo majina ya babu zangu, iwapo nitaulizwa.

Nilimkuta karibu na bomba la maji, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amekwisha, mifupa imebaki na kanga ile iliyokuwa safi. Macho yalikuwa yaleyale. Alikuwa anatazama foleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyamaza kwanza. Yule kijana mwenye shati la bluu, amempisha yule binti, na nyuma yake kulikuwa na wazee wawili. Huyo hafai, au anafaa sana." Akakohoa kidogo. Binti akageuka. Ndipo akanitazama. "Umenenepa. Nani anakupikia?"

"Dada."

Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka nikaogopa atavunjika.

Nilimweleza yote, fundi, migebuka, neno lake. Nikamwomba arudi nami siku moja tu, asimame uwanjani, aseme alikosea. Nilikuwa nimepanga hotuba. Katikati ya hotuba, lori lilisikika likiingia lango la kambi, na vidole vyake vikanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikudhani anayo. Alisikiliza. Lilikuwa la unga. Aliniachia kidole kimoja kimoja.

"Mimi siwezi kutoka hapa," alisema. "Na ningeweza, nisingekuja. Siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kusema uongo uwanjani. Nikilifuta, Godeliva atakuwa wa wapi?"

"Basi bibi, mimi nifanye nini?"

"Neno si langu tena. Nimewaachia wenye masikio."

"Maana yake nini?"

"Umesoma," alisema. "Nenda."

Nilimwuliza tena, kwa kuwa sikujua kama nitamwona mara nyingine, na sikumwona: kwao ni wapi hasa? Alitazama bomba, ndoo, watu.

"Mimi ni wa foleni hii," alisema, akachukua chupa ya mawese, akainusa, akaniambia nimeuziwa ya mwaka jana.

Nilirudi nimejikunja kwenye kiti cha basi, nikiwa nimekwisha kukubali kuitwa mjomba na watoto wa Ilagala. Mama Shabani alikuwa anaupogoa ua wa minyaa kati ya kwake na kwetu, akaniita kabla sijaweka mfuko chini. Akauliza bibi anaendeleaje, amebaki na nini mwilini, kifurushi anacho. Nikamwambia. Akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya utomvu. Kisha akauliza amesema nini juu yetu, nikamrudishia neno kwa neno, kwamba amekataa, kwamba neno amewaachia wenye masikio, kwamba basi Godeliva ni dada yangu mpaka kiama.

Mama Shabani aliniangalia, panga mkononi, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Wenye masikio ni sisi. Uongo ule tuliusema wote, kijiji kizima, na baba yako akaumezea pombe," alisema. "Aliyeuamini ni wewe peke yako."